Machungwa ya Kinole na Mishipa ya Fahamu

Upande wa mashariki wa milima ya Uluguru iko nchi ya Kinole, ambako michungwa husitawi sana. Wakulima huteremka na machungwa yao kuyauza katika mji wa Morogoro. Mtoto apatapo chungwa humenya ganda, akabandua na ile ngozi laini nyeupe iliyo chini yake, akaitupa kwa kuwa ni chungu. Kumbe ndani yake mna kitu cha thamani.

Mwaka 1828 Mfaransa aliyeitwa Lebreton alikitenga kitu hicho katika ngozi hiyo, nacho huitwa hesperidini. Ni kimoja katika jamaa kubwa ya vitu viitwavyo flavonoidi. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini flavus, maana yake rangi ya manjano. Flavonoidi huyakinga majani na jua kali, na maua mengi hupata rangi kwazo.

Je, zamfaa mtu nini? Tazama meko ya nyumbani. Moto hupika chakula, lakini moshi wake hulitia paa masizi. Vivyo hivyo mwili huunguza chakula kwa oksijeni ili upate nguvu, na katika kazi hiyo hutoka vitu vikali viwezavyo kudhuru chembe za mwili. Ubongo ni kama sehemu moja tu katika 50 ya uzito wa mtu, lakini hutumia kama sehemu moja katika 5 ya oksijeni yote. Tena chembe nyingi za mishipa ya fahamu zikifa hazipati badala.

Wataalamu wamewajaribu panya kwa hesperidini, wakaona mara nyingi chembe za ubongo wao zilidhurika kidogo kuliko za panya wasiopewa. Yadhaniwa kwamba huziamsha chembe zijikinge zenyewe. Lakini panya si mtu. Haijathibitishwa bado kwamba huponya magonjwa ya ubongo wa wanadamu, kama vile kifafa.

Basi ni vema kula matunda kila siku, wala si lazima kutupa ngozi yote nyeupe. Lakini mwenye kifafa asiache dawa za hospitali kwa kutumainia chungwa au miti shamba, maana kifafa kisichotibiwa chaweza kumwangusha mtu motoni au mtoni. Chungwa ni chakula chema. Si badala ya mganga.