Kisangani: Kung fu ya mazoezini, je, inatosha siku ya ugomvi wa kweli?

Vijana wengi wa Kisangani wameanza kuipenda kung fu kwa macho, kupitia sinema za Bruce Lee, Jackie Chan na Jet Li, kabla ya kumpata mwalimu. Baadaye ndipo wanafika mazoezini: kupanga mistari, kupiga ngumi hewani, kurudia hatua zilezile mpaka mwili uzijue bila kuulizwa. Kisha linakuja zoezi la wawili wawili, mmoja anapiga, mwenzake anazuia na kujibu. Miezi inapita, mkanda unabadilika rangi, na kijana anaanza kujiona yuko tayari.

Tayari kwa nini? Swali hilo si la mchezo katika mji ambapo mtu wa toleka anarudi nyumbani usiku, mama muuzaji anatoka sokoni na pesa ya siku nzima, na umeme ukikatika barabara inabaki giza. Iwe Mangobo, Kabondo, Makiso au ng'ambo ya mto kule Lubunga, kijana akikosea hesabu ya uwezo wake, atakayelipa ni mwili wake.

Jibu fupi ni hili: mazoezi ya peke yako na yale ya kupangwa na mwenzako yanajenga mwili na kumbukumbu. Lakini hayamwandai mtu kupigana, kama hayafuatwi na zoezi la tatu, lile la kupambana na mtu ambaye hakubali kushindwa.

Mazoezi ya aina mbili

Mfululizo wa hatua anaoufanya mtu peke yake, Wachina wanauita taolu. Kwenye karate ya Wajapani kitu kama hicho kinaitwa kata. Kwa karne nyingi, kabla ya video na kabla wanafunzi wengi hawajajua kusoma, taolu ilikuwa kitabu cha mwalimu. Ndani yake aliweka namna ya kusimama, kugeuka, kupiga teke, kutoka kwenye mshiko wa adui. Anayeifanya kila siku anapata miguu yenye nguvu, pumzi, usawa wa mwili na nidhamu. Hayo ni mali ya kweli.

Lakini katika taolu hakuna adui. Hakuna anayerudisha ngumi. Hata kwenye mashindano makubwa ya wushu ya leo, waamuzi wa taolu hutoa alama juu ya 10 kwa kuangalia usahihi, uzuri na ugumu wa hatua. Hawaulizi kama hatua hizo zingemwangusha mtu.

Zoezi la wawili linakaribia zaidi ukweli, lakini nalo lina kasoro yake. Mara nyingi kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini. Ngumi itatoka mkono wa kulia, itafika kifuani, na itasimama hapo ikingoja jibu. Mtu anayekupiga kwa hasira haachi mkono wake hewani. Anaurudisha, anapiga tena, anakushika nguo, anakusukuma.

Kuna pia suala la muda. Jicho likiona kitu cha ghafla, mwili wa mtu mzima unahitaji karibu sehemu moja ya tano ya sekunde ili uanze tu kujibu. Ngumi ya karibu inaweza kuwa imekwisha kufika. Anayeifahamu ngumi kabla haijatoka anaizuia kwa urahisi. Asiyeijua anahitaji ujuzi mwingine: kusoma mabega, kupima umbali, kusogea mapema. Ujuzi huo hauji kwa kuhesabu moja, mbili, tatu.

Na kuna woga. Mapigo ya moyo yanapanda, pumzi inakuwa fupi, vidole vinatetemeka, macho yanaona mbele tu. Hatua nzuri za mikono, ambazo uwanjani zilikuwa laini kama maji, zinapotea. Yanabaki machache ambayo mwili umeyafanya mara nyingi chini ya shinikizo.

Wavuvi Wawagenia wa Kisangani wangelielewa jambo hili bila maelezo mengi. Mtu anaweza kujifunza juu ya jiwe kavu namna ya kusuka mtego na kufunga miti. Lakini nguvu ya maji ya maporomoko ataijua siku atakaposimama ndani yake.

Wachina wenyewe walijiuliza

Swali hili si la wapinzani wa kung fu peke yao. Mwezi wa Oktoba 1928, chuo cha taifa cha michezo ya mapigano kiliwakusanya mabingwa wa Uchina mjini Nanjing wapigane jukwaani. Majeraha yakawa mengi hata wasimamizi wakasimamisha mapambano kabla ya kumpata mshindi mmoja. Wengi waliokuwa na sifa kubwa vijijini mwao waligundua pale kwamba sifa ni kitu kimoja na jukwaa ni kingine.

Bruce Lee naye alipita njia hiyo. Mwaka wa 1964, huko Oakland, Marekani, alipigana faraghani na Wong Jack Man, mwalimu mwingine wa kung fu. Mpaka leo watu hawakubaliani nani alishinda. Lakini Lee hakufurahi. Pambano lilichukua muda kuliko alivyotaka, na pumzi ilimwishia. Baada ya hapo alianza kukimbia sana, akachukua mambo ya ngumi za Kizungu, na akapunguza kufuata mifululizo ya zamani. Hapo ndipo ilipozaliwa njia yake ya Jeet Kune Do.

Tarehe 27 Aprili 2017, mjini Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapigano mchanganyiko, alikutana na Wei Lei, mwalimu wa taichi. Pambano halikufika hata nusu dakika, Wei Lei akawa chini. Video ilizunguka dunia nzima, na wengi wakasema kung fu imekufa.

Haijafa. Uchina ina sanda, mchezo ambapo ngumi, mateke na kumwangusha mwenzako vyote vinaruhusiwa, kwa raundi za dakika 2, wapiganaji wakivaa glavu na vifaa vya kujikinga. Zhang Weili alianza kung fu akiwa mtoto, kisha akaingia sanda. Agosti 2019 akawa Mchina wa kwanza kuchukua mkanda wa bingwa wa UFC, shirika la Marekani la mapigano mchanganyiko. Asili yake ni ileile ya kung fu. Kilichobadilika ni kwamba mazoezini alikuwepo mtu wa kumrudishia ngumi.

Mtoto aliyekimbia Kisangani

Mfano wa karibu zaidi na mji huu unatoka kwenye judo. Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka wa 1992. Akiwa na miaka 9 alikimbia mapigano ya Kisangani, akatengana na jamaa yake, akakaa siku 8 msituni kabla ya kuokolewa na kupelekwa Kinshasa. Huko, katika kituo cha watoto waliohamishwa na vita, ndipo alipoijua judo. Mwaka wa 2013 alienda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, akaomba ukimbizi Brazil. Miaka 3 baadaye, mjini humohumo, alikuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Michezo ya Olimpiki, pamoja na Yolande Mabika, Mkongomani mwenzake. Popole alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akafungwa na Gwak Dong-han wa Korea ya Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia wa 2015.

Judo yenyewe ilianzishwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka wa 1882. Kano aliona kwamba mbinu za hatari kabisa haziwezi kufanyiwa mazoezi kwa nguvu zote bila kumuumiza mwenzako. Basi akaziweka pembeni, ndani ya kata. Zilizobaki, yaani kumwangusha mtu, kumbana na kumkaba, akawaachia wanafunzi wazifanye kwa nguvu dhidi ya mwenzao anayekataa. Zoezi hilo linaitwa randori. Mbinu inayoonekana ndogo, ikijaribiwa kila juma, inamfaa mtu kuliko mbinu ya kuua ambayo hajaijaribu hata mara moja.

Wakongomani wana kumbukumbu nyingine ya namna hiyo. Pambano la Mohamed Ali na George Foreman lilipangwa kufanyika Kinshasa tarehe 25 Septemba 1974. Likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba kwa sababu Foreman alipasuka juu ya jicho wakati wa mazoezi. Mazoezi ya wanangumi yanafanana na pambano kiasi cha kuweza kulichelewesha.

Somo la mwaka 1964

Kuna jambo zito zaidi ambalo Kisangani inalijua kuliko miji mingi. Agosti 1964, wakati mji ungali unaitwa Stanleyville, wapiganaji wa Simba waliuteka. Walipakwa dawa, wakafuata miiko, wakapiga kelele ya « Mai Mulele », wakiamini risasi zitageuka maji. Uchina, mwaka wa 1900, wafuasi wa chama cha Yihetuan walifanya mazoezi ya ngumi na ibada za mizimu wakiamini vivyo hivyo kwamba risasi haitaingia mwilini.

Mara nyingi dawa ya Simba ilionekana kufanya kazi, kwa sababu askari wa serikali nao waliiamini. Waliposikia Simba wanakuja, wengi walitupa silaha na kukimbia. Ilipofika tarehe 24 Novemba 1964, askari wa Ubelgiji waliteremka na miamvuli. Hao hawakuiamini dawa. Siku hiyo Simba waliupoteza mji.

Zoezi la kupangwa lina hatari hiyohiyo, ingawa kwa kipimo kidogo. Mbinu inafanya kazi kwa sababu mwenzako anakubali ifanye kazi. Anaanguka kwa heshima, au kwa kumwogopa mwalimu. Kijana anahesabu maanguko hayo kama ushindi. Siku akikutana na mtu ambaye hajui kwamba anatakiwa kuanguka, ndipo anapojua.

Barabara si ukumbi

Hata anayepambana mazoezini kila juma asidanganyike. Ukumbini kuna mwamuzi, kuna mtu mmoja mbele yako, na chini ni pazuri. Barabarani wanaweza kuwa watatu, mmoja ana panga au kisu, na kichwa kikigonga saruji mambo yamekwisha. Kwa anayetaka simu au pesa, dawa bora ni kumwachia na kwenda. Mbele ya bunduki hakuna mkanda wowote wenye rangi ya kutosha.

Yanayobaki na faida ni yale yasiyoonekana kwenye sinema: miguu ya kukimbia, pumzi, kujua kuanguka bila kuvunja mkono, kutoka kwenye mshiko, kupaza sauti, na kichwa kinachobaki baridi wakati mtu anakutukana. Kijana aliyekwisha kupigwa mazoezini hana haja ya kuonyesha watu kwamba anaweza. Mara nyingi huyo ndiye anayeondoka kwanza, na anafika nyumbani mzima.

Mzazi aangalie nini?

Mzazi anayemlipia mtoto mazoezi hahitaji kujua majina ya Kichina. Akae pembeni saa moja na kuangalia mambo machache:

- Baada ya mazoezi ya kupangwa, kuna muda ambapo wanafunzi wanapambana bila kujua mwenzao atafanya nini?
- Mwanafunzi anaruhusiwa kumzuia mwalimu, au kila mtu anaanguka mwalimu anapomgusa tu?
- Msichana anafanya zoezi la kujitoa mikononi mwa mtu mzito kuliko yeye, anayevuta kwa kweli?
- Nguvu inaongezwa polepole, na kuna kinga ya meno na glavu? Watoto wanakatazwa kupigana vichwani? Aliyepigwa kichwani akapata kizunguzungu anapumzishwa siku kadhaa?
- Mwalimu anawafundisha kuondoka kwenye ugomvi, au anawasifu wanaoutafuta?

Vifaa si lazima viwe vya bei. Gunia lililojazwa nguo kuukuu linafundisha ngumi. Mchanga au nyasi nzito zinatosha kujifunzia kuanguka. Kisichoweza kubadilishwa na kitu kingine ni mwenzako mwaminifu, anayekataa kuanguka kama hujamwangusha.

Kwa hiyo taolu isitupwe. Mzee wa miaka 60 anayeifanya asubuhi analinda magoti na mgongo wake. Mtoto anapata utulivu, na urithi wa watu wengine unaendelea kuishi mbali na kwao. Kosa linaanza mwalimu anapouza zoezi la afya kama ulinzi wa usiku, na kijana anaponunua bila kuuliza. Mwalimu wa kweli hatakasirika akiulizwa, na mara nyingi atamwalika mzazi arudi siku ya kupambana, aone mwenyewe.