Kuimba kwa Lugha Usiyoizungumza

Msikilizaji mmoja ameniandikia baada ya kutazama opera ya Kirusi iitwayo Eugene Onegin, ile iliyorekodiwa New York mwaka 2007, ambamo Mmarekani Renée Fleming aliimba sehemu ya binti Tatiana. Swali lake ni fupi na lina makali. Anasema: mama huyu si Mrusi, je, kweli anayajua anayoyaimba, au ni kasuku aliyefundishwa vizuri?

Kwa wale ambao hawajapata kuiona, opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake karibu yote huimbwa badala ya kusemwa, okestra ikipiga mbele ya jukwaa, na kwa kawaida bila kipaza sauti. Mwimbaji wa opera hutafuta riziki yake kwa lugha nne au tano. Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa hufundishwa karibu kila chuo cha muziki cha Ulaya na Marekani. Kirusi ndicho kinachowatoa jasho, maana wengi hukutana nacho wakiwa tayari kazini, mkataba umetiwa sahihi na tarehe ya onyesho inakaribia.

Zamani tatizo hili lilikwepwa. Jumba la Metropolitan Opera la New York lilipoonyesha kwa mara ya kwanza Boris Godunov ya Mussorgsky, mwaka 1913, Wamarekani waliimbiwa hadithi hiyo ya mfalme wa Kirusi kwa Kiitaliano. Mwaka 1921 akaja Mrusi mwenyewe, Fyodor Chaliapin, mwenye besi iliyosifika dunia nzima. Yeye akaimba Kirusi, na wenzake jukwaani wakamjibu kwa Kiitaliano! Eugene Onegin nayo ilianza katika jumba hilo kwa Kiitaliano mwaka 1920, ikarudi kwa Kiingereza mwaka 1957, na ikasikika kwa Kirusi mwaka 1977. Kisha mwaka 1983 kampuni ya opera ya Toronto, Kanada, ikaanza kumulika tafsiri ya maneno juu ya jukwaa, ili watazamaji wasome huku wakisikiliza. Jambo hilo likaenea upesi, na udhuru wa kutafsiri ukapungua nguvu. Leo kijana wa Texas au wa Milan akitaka kuimba Tatiana katika jumba kubwa, hana budi kuimba Kirusi.

Mtu atauliza, tafsiri ina ubaya gani? Mwalimu Nyerere alitutafsiria Shakespeare mara mbili, Julius Caesar na Mabepari wa Venisi, na hatukupungukiwa kitu. Ni kweli. Lakini katika opera mtunzi ameupanga wimbo juu ya mkazo wa maneno yenyewe, na Kirusi ni lugha ambayo mkazo wake hautabiriki. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno kama "barabara" ni machache: ukikaza silabi ya tatu ni njia ya magari, ukikaza ya pili ni sawasawa. Kwa Warusi hayo ni mambo ya kila siku. Neno "muka" likikazwa mwanzoni ni mateso. Likikazwa mwishoni ni unga. Mwimbaji anayelia mateso ya mapenzi akiteleza kidogo, atakuwa analilia unga, jambo ambalo sisi tungemwelewa kabisa, lakini Mrusi aliyelipa kiingilio atacheka.

Tena mkazo huo huamua irabu. Maziwa kwa Kirusi huandikwa "moloko", lakini hutamkwa kama "malako", kwa sababu "o" isiyokazwa hugeuka kuwa kama "a". Mwanafunzi anayesoma herufi kama zilivyo amekwisha kosea kabla ya kufungua piano. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu wa matamshi haina muziki hata kidogo: ni kalamu ya risasi na daftari, kuweka alama ya mkazo juu ya kila neno, na chini yake kuandika maana ya neno hilo moja moja.

Halafu huja kinywa. Sauti nyingine zingewapa Waswahili nafuu. Wana "r" inayotetemeka kama yetu, na "kh" kama ile ya wazee wa pwani wanaposema "kheri". "N" yao laini iko karibu na "ny" ya nyumba. Lakini Warusi wana karibu kila konsonanti mara mbili, ngumu na laini. "Brat" kwa "t" ngumu ni kaka. Ulainishe ile "t" kwa kuinua ulimi kuelekea kaakaa, na neno sasa ni kuchukua. Kuna pia irabu moja inayowatesa wageni wote: urudishe ulimi nyuma kana kwamba unataka kusema "u", na midomo ibaki imetanuka kama ya kusema "i". Jaribu nyumbani, mbele ya kioo, mlango ukiwa umefungwa.

Na zile konsonanti zinazosongamana! Mtazamo wa macho ni "vzglyad", konsonanti nne kabla ya kufika kwenye irabu, na ile "d" ya mwisho husikika "t". Sisi tungelitia irabu katikati, kama tulivyofanya kwa klabu tukapata kilabu, nasi tungesema kitu kama "vizigilyadi". Tatizo ni kwamba wimbo una noti moja tu kwa neno hilo. Walimu hufundisha kwamba konsonanti zote zitangulie upesi, kabla ya pigo, ili pigo lenyewe liikute irabu iko wazi na sauti inatiririka. Mwanafunzi husema maneno kwa mwendo wa wimbo bila kuimba, kisha huimba irabu peke yake, kisha huviunganisha polepole, siku baada ya siku, na mpiga piano anamsimamisha kila anapoteleza. Ni kazi ya kuchosha, na haina makofi.

Hata hivyo, kasuku mwenye bidii angeweza kufika hapo. Anapokwama ni kwenye barua ya Tatiana.

Hadithi yenyewe ni ya mshairi Pushkin, ambaye babu wa mama yake, Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyepelekwa Urusi akiwa mtoto, zama za Peter Mkuu. Tatiana ni binti wa shamba, amempenda Onegin kwa kumwona mara moja tu, na usiku anamwandikia barua. Kirusi kina "vy", yaani ninyi ya heshima kwa mtu mmoja, na "ty", yaani wewe ya watu wa karibu. Tatiana anaanza barua kwa "vy" kama binti aliyelelewa vema. Katikati, moyo unapomzidi nguvu, anaruka kwenye "ty". Anapofunga barua, hofu na aibu zimemshika, anarudi kwenye heshima. Mtu aliyewahi kuponyokwa na "wewe" mbele ya mkwewe anajua uzito wake. Katika opera ya Tchaikovsky barua hiyo huimbwa na mtu mmoja kwa zaidi ya dakika kumi. Asiyejua mahali ambapo neno hilo dogo linabadilika ataimba kwa uso uleule mwanzo hadi mwisho, na hata asiyejua Kirusi, kule nyuma ukumbini, atahisi kwamba kuna kitu hakikutokea.

Inafaa kukumbuka kwamba Tchaikovsky hakutaka mabingwa wenye mazoea yao. Mwaka 1879 opera hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza na wanafunzi wa chuo cha muziki cha Moscow.

Siku hizi kuna jambo zito zaidi. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Metropolitan ilikata ushirikiano wake na jumba la Bolshoi, na okestra ya Munich ikamfukuza kiongozi wake, Valery Gergiev. Desemba mwaka huohuo La Scala ya Milan ilifungua msimu wake kwa Boris Godunov, kwa Kirusi, ingawa konseli wa Ukraine mjini humo alipinga. Mimi namwelewa konseli, na namwelewa pia aliyekataa kumwadhibu Mussorgsky, aliyefariki mwaka 1881. Lakini opera hizo zikiendelea kuimbwa huku njia ya kwenda kusomea Urusi ikiwa nyembamba, kazi zaidi itawaangukia wasio Warusi.

Basi, ndugu uliyeniandikia, kati ya kasuku na mwenye lugha kuna mtu wa tatu: asiyeweza kununua mkate Moscow bila mkalimani, lakini anayejua kila neno la Tatiana, na kila neno analojibiwa. Mwaka 1999 Plácido Domingo, Mhispania mwenye miaka 58, aliimba kwa Kirusi sehemu ya Hermann katika Malkia wa Shupaza ya Tchaikovsky. Na Mwitaliano Mirella Freni, aliyekuwa ameimba Tatiana miaka mingi, alisimama Washington mwaka 2005 akiwa na miaka 70, akaimba kwa Kirusi sehemu ya Joan wa Arc, msichana wa Kifaransa. Ndiyo iliyokuwa opera yake ya mwisho jukwaani.

Kwaherini hadi juma lijalo.