Mtoto akienda JKT, nani anamwandaa mzazi?

Mitihani ya kidato cha sita humalizika mwezi Mei, na wino haujakauka vizuri majina ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yanatoka. Kijana wa Temeke kapangiwa Bulombora, Kigoma. Binti wa Moshi anakwenda Mlale, Ruvuma. Wa Mbeya anatakiwa Rwamkoma, kule Mara. Kesho yake wazazi wako madukani na tangazo kwenye simu: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo za baridi kwa aliyepangiwa mikoa ya baridi, vyeti vya kuombea chuo, nauli ya kwenda na ya kurudi.

Pilikapilika hizo zina msaada wake. Mama anayebishana na muuza shuka kuhusu bluu ipi ndiyo bluu bahari hana nafasi ya kulia. Uchungu humngoja nyumbani, basi likishaondoka stendi, anapojikuta amepima unga wa watu watano na waliobaki ni wanne.

Wengine humshangaa mzazi wa namna hii. Si mtoto alikaa bweni miaka yote hiyo? Alikaa, lakini bweni lina siku ya kutembelea, lina likizo inayojulikana kwenye kalenda, lina mwalimu wa malezi ambaye namba yake unayo. Kambini kuruta hatembei na simu mfukoni. Mawasiliano hutoka upande wake, akipata nafasi, na mzazi aliyezoea kupiga na kupokelewa anaanza kuishi kwa kungoja namba asiyoijua. Tena bweni lilikuwa shule. Huku kuna kwata, lindo la usiku na bunduki, na neno jeshi peke yake linatosha kumkosesha mama usingizi.

Nadhani iko sababu nyingine, nayo haizungumzwi. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na mwaka 1966 Serikali ikaamua kuwa wasomi nao lazima wapite huko. Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kujipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Sheria ikabaki. Kwa miaka mingi waliomaliza kidato cha sita walipita jeshini kabla ya chuo au kazi, wakarudi na nyimbo, na marafiki wa kudumu, na visa visivyoisha. Kisha mwaka 1994 utaratibu huo wa lazima kwa mujibu wa sheria ukasimamishwa kwa ukosefu wa fedha, usirudi mpaka mwaka 2013.

Hesabu umri. Wazazi wengi wa makuruta wa leo walifikia umri wa kumaliza kidato cha sita katika miaka hiyo ya katikati. Ni kizazi ambacho hakikwenda. Hawajui kombania ni nini, hawajawahi kuamshwa kwa filimbi ya afande alfajiri wakakimbia mchakamchaka wa jeshini gizani wakiimba, hawakuwahi kupanga foleni na sahani katika bwalo la kambi. Wanampeleka mtoto mahali ambapo wao wenyewe hawajui harufu yake. Hofu hukua vizuri sana mahali pasipojulikana, na siku hizi kuna video fupi za mitandaoni za kuilisha.

Wanaojua ni babu na bibi waliokwenda. Tatizo ni kwamba wazee wetu wakiulizwa habari za jeshi huanza na makali: tulikimbizwa, tulilala nje, afande fulani alikuwa simba. Ni haki yao, maana ndiyo fahari ya ujana wao. Lakini mama mwenye mtoto kambini asikilize na mengine, na ayaulize waziwazi. Shikamoo baba, ulipougua kule nani alikupeleka zahanati? Siku ya kwanza kucheka ilikuwa ipi? Kitanda cha jirani alilala nani, na yuko wapi sasa? Hapo mzee hubadilika sauti. Utasikia habari za mtu aliyemgawia mwenzake sabuni, wa kabila asilolijua, ambaye baadaye alisimama kwenye harusi yake. Dakika chache za mazungumzo hayo zinatuliza kuliko jioni nzima ya kuchungulia simu.

Simu ya kwanza ndiyo mtihani. Inakuja bila taarifa, pengine ukiwa kwenye daladala, na aghalabu mtoto analia. Miguu inauma, chakula hakijazoeleka, kuna wanaomkaripia, anataka kurudi. Mzazi anakata simu akiwa hoi, na usiku huo halali. Yule mtoto, baada ya kutua mzigo masikioni mwa mama yake, amekwenda zake kula ugali na maharage na wenzake, na amelala fofofo. Sisemi hivyo kupuuza machozi yake. Nasema mzazi asiyapokee kama hukumu. Mwache aseme yote. Usimkatize kwa mahubiri ya ukakamavu, wala usimwahidi kumtoa. Mwulize kama ameumia, kama ana homa, kama kuna mtu anayemtendea isivyo. Hayo matatu yanahitaji hatua, na ni haki yako kuufuata uongozi wa kambi. Yaliyobaki, wiki za mwanzo zikipita, mengi huyeyuka.

Kuhusu afya nitakuwa mkali kidogo. Wapo wazazi wanaoficha pumu, kifafa au selimundu ya mtoto kwa kuogopa aibu au kwa kudhani atarudishwa. Kuruta hupimwa afya akifika, lakini kipimo cha siku moja hakiwezi kujua yote ambayo mama ameyaona kwa miaka 18. Andika, weka na vyeti vya hospitali, mtoto akabidhi akiripoti. Kama ana ulemavu unaoonekana, fuata tangazo linavyoelekeza; kwa miaka kadhaa limewataka hao waripoti Ruvu, Mlandizi, mkoani Pwani, kambi yenye miundombinu ya kuwahudumia.

Na baba? Baba wa kwetu hutakiwa kusema, "Acha akakomae," kisha aulizie habari kupitia kwa mama. Nimewaona wanaume wakibeba begi mpaka mlango wa basi, wakapeana mkono na mtoto kama watu waliokutana ofisini, halafu wakakaa ndani ya gari muda mrefu bila kuliwasha. Naomba wake zao wawape simu mtoto anapopiga, hata kama baba ataishia kuuliza hali ya hewa. Mtoto anajua kinachoulizwa.

Julai huleta jambo jingine. Matokeo ya kidato cha sita hutoka watoto wakiwa bado kambini. Mzazi ndiye anayeyaona kwanza, na dirisha la maombi ya vyuo linafunguliwa wakati huohuo. Kama ni mazuri, kazi ni ndogo. Kama si mazuri, usimfiche mpaka arudi. Atayasikia kwa mwenzake kwenye foleni, na atajua ulijua. Mpe alama zake kama zilivyo, mwambie kozi gani bado zinawezekana, na mwachie achague yeye. Ni zamu yake ya kwanza ya kuamua kama mtu mzima, na ni mazoezi kwako pia.

Mafunzo huchukua takribani miezi mitatu. Anayeweza kusafiri siku ya gwaride la kufunga na asafiri, hata kama ni Kigoma, maana mtoto huwatafuta wake kwa macho akiwa mstarini bila kugeuza shingo. Atakuja nyumbani amekonda au amejaza mabega, ataamka kabla ya jogoo na kutandika kitanda kwa namna ya kambini. Msimcheke, na msimng'ang'anie awe yule wa Mei. Mpeni siku kadhaa za kulala na kula, kisha kaeni naye mpange ya chuo, kwa sababu vyuo vingi hufungua Oktoba au Novemba, na begi lile litafungwa tena.