Utambuzi wa Hitilafu za Umeme katika Injekta za Datsun 280Z

Jina la Datsun si geni nchini Kenya. Mnamo 1971 na 1973, gari la michezo aina ya Datsun 240Z liliibuka mshindi katika mashindano ya Safari Rally. Gari hilo lilitumia kabureta. Mrithi wake, 280Z, aliyeuzwa Marekani kwa modeli za 1975 hadi 1978, aliiacha kabureta na kutumia mfumo wa L-Jetronic uliobuniwa na Bosch, ambamo petroli hunyunyizwa na injekta sita zinazoendeshwa kwa umeme. Badiliko hilo lilileta maradhi mapya: gari huweza kugoma ilhali tangi limejaa na plagi ni nzima.

Injekta ni vali ndogo yenye koili ya waya ndani yake. Umeme unapopita, koili hugeuka sumaku, huinua sindano iliyoziba tundu, na petroli hutoka. Umeme huo huanzia kwenye betri, hupitia kikinzani kinachopunguza mkondo, huingia katika injekta, kisha huelekea kwenye kompyuta ya injini, ambayo huifungua na kuifunga njia ya kufikia upande hasi. Njia hii ikikatika popote, injekta hunyamaza. Aghalabu mwenye gari huitupa injekta nzima na kununua nyingine kwa bei ghali, kumbe kosa ni kutu katika soketi.

Fundi makini huanza kwa kusikiliza. Injini inapozunguka, huigusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injekta na kutega sikio kwenye mpini. Injekta inayofanya kazi hugongagonga. Ikiwa moja tu imenyamaza, kosa limo katika injekta hiyo au waya zake. Zikinyamaza zote, chanzo ni cha pamoja: umeme wa betri, kompyuta, au ishara itokayo kwenye koili ya moto.

Hatua ya pili ni kuzima gari, kuchomoa soketi na kupima ukinzani wa injekta. Injekta za gari hili huonyesha takriban omu 2 hadi 3. Mita isiposoma lolote, koili imekatika. Ikisoma karibu na sufuri, waya za koili zimegusana. Ni vyema pia kuilinganisha na wenzake watano.

Hatua ya tatu ni kuwasha swichi na kupima soketi yenyewe. Waya mmoja hupaswa kuonyesha takriban volti 12. Hata hivyo, kipimo hiki huweza kuhadaa. Mita huvuta mkondo mdogo mno, hivyo waya uliolika huonekana mzima. Kwa sababu hiyo, fundi huchomeka taa ndogo ya majaribio katika soketi na kuizungusha injini kwa stata. Taa ikimetameta, umeme na amri ya kompyuta vyote vinafika.

Tahadhari mbili ni muhimu. Injekta hizi zisiunganishwe moja kwa moja na betri, kwani koili huweza kuungua. Aidha, cheche yoyote karibu na petroli iliyovuja ni hatari kwa maisha.

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Kila kipimo ni swali linaloulizwa gari, na anayeuliza kwa utaratibu huepuka kununua asichohitaji.