Kupanda Kilimanjaro: Hesabu siku kabla ya shilingi

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa mananasi wa Kiwangwa hamuuzii dalali shamba kabla ya kujua nani atalipa vibarua na nani atalipa gari. Lakini mtu huyo huyo, akishaweka akiba na wenzake wa kikundi ili wakapande Mlima Kilimanjaro, huiuliza kampuni ya utalii swali moja tu: ni kiasi gani? Halafu huchagua iliyo chini.

Hapo ndipo fedha ya msimu mzima hupotea. Mlima ule haupandwi peke yako. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA) inataka kila mpandaji awe na mwongozaji mwenye leseni, na ada za hifadhi hazipunguzwi na kampuni yoyote. Mtanzania hulipa kwa shilingi, tena kidogo mno kuliko mgeni, alimradi aoneshe kitambulisho. Kwa hiyo anayetangaza bei ya kutupa amepunguza kitu kingine. Mara nyingi ni siku za safari na malipo ya wapagazi.

Tuanze na siku. Bagamoyo ipo usawa wa bahari. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, oksijeni unayovuta ni kama nusu ya ile ya pwani. Mwili huzoea polepole. Wataalamu hushauri kwamba ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja.

Sasa angalia njia ya Marangu, ambayo wengi huiona nyepesi kwa kuwa ina vibanda vya kulala. Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo kama 4,700. Kila siku unaongeza karibu mita 1,000! Safari ya siku tano haina nafasi ya kuzoea. Ya siku sita inakupa usiku wa pili Horombo. Ukiletewa bei mbili za Marangu, hiyo ya siku sita ndiyo ya kulipia, hata kama inauma. Njia ya Machame hukupandisha hadi Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, kisha hukushusha kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mwili hupenda hivyo, ila huko hulala mahemani, mizigo ni mingi na gharama hupanda.

Nguvu za shamba au za kuvuta nyavu hazisaidii sana hapa. Kichwa kikiuma sana na kutapika kukianza, dawa ya kwanza ni kushuka. Uliza mapema: mwongozaji ana mtungi wa oksijeni? Atakayezidiwa atashushwa na nani, wakati wenzake wanaendelea?

Kuhusu wapagazi, watu wa Bagamoyo hawahitaji kufundishwa neno hilo. Katika karne ya 19 misafara ya bara ilianzia na kuishia mjini kwao, na pembe za ndovu zilifika pwani mabegani mwa watu, wengi wao Wanyamwezi. Moshi leo wanawaita wagumu. Mzigo wao una kikomo cha kilo 20 na hupimwa getini, lakini mshahara na chakula chao hutegemea uungwana wa kampuni. Pale Moshi lipo shirika la kuwatetea wapagazi, KPAP, lililoanza mwaka 2003, nalo hutaja kampuni zinazowatendea haki. Omba uandikiwe: wapagazi wangapi, kila mmoja analipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi. Bahshishi si mshahara. Kampuni inayokwepa swali hili inakuuzia jasho la mtu mwingine.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, au Juni hadi Oktoba. Masika, achana nayo.

Kutoka Bagamoyo hakuna haja ya kuzunguka Dar es Salaam. Lami ya kilomita 64 inakufikisha Msata, kwenye barabara kuu ya kwenda Segera na Moshi. Wa Marangu hushuka Himo. Makoti mazito na mifuko ya kulalia hukodishwa Moshi, lakini viatu nunua mapema na uvivalie shambani wiki kadhaa. Kiatu kipya mlimani ni malengelenge siku ya kwanza.