Breki kubwa si dawa ya kila gari

KAMPALA

Katika gereji za Nakawa, kando ya Barabara ya Jinja, wenye magari aina ya Subaru huja na ombi ambalo mafundi wamelizoea: kung'oa breki za kiwandani na kufunga diski na kalipa kubwa zilizotoka kwenye gari lenye nguvu zaidi.

Hofu yao ina msingi. Magari mengi ya hapa hutoka Japani yakiwa yametumika, yakipitia Mombasa au Dar es Salaam. Kenya hukataa gari lililozidi miaka 8, lakini Uganda hupokea lililo chini ya miaka 15. Mwenye gari kama hilo akiona pedali inazama huku bodaboda imekatiza mbele yake, huamini breki zake ni ndogo.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Spidi ikiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Gari la kilo 1,400 likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa hutoa joto la kutosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji. Diski kubwa hubeba joto hilo vizuri zaidi na kupoa upesi. Faida yake huonekana kwenye mteremko mrefu, gari likiwa na mzigo, au breki zikikanyagwa mara nyingi mfululizo.

Kwa kusimama mara moja mjini, mwenye uamuzi ni tairi. Ikiwa breki za sasa zinaweza kufunga magurudumu kwenye lami, diski kubwa haitapunguza umbali wa kusimama. Tairi iliyoisha itateleza vilevile.

Vipimo navyo vina masharti. Impreza za kawaida huwa na diski za mbele za milimita 260 au 277. Za WRX hufika 294, na kwa kawaida huhitaji rimu za inchi 16. Za STI zenye kalipa za Brembo ni 326, nazo huhitaji inchi 17. Mwenye rimu za inchi 15 atalazimika kununua rimu na tairi pia.

Kalipa zenye pistoni kubwa pia hudai oili nyingi zaidi kutoka silinda kuu, hivyo pedali huweza kushuka chini kuliko awali. Uwiano wa mbele na nyuma ukivurugika, gari linaweza kupoteza mwelekeo, hasa magurudumu ya nyuma yakitangulia kufunga.

Ndiyo maana ukaguzi hutangulia ununuzi. Oili ya breki hufyonza unyevu. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Ikichemka, mvuke hujaa kwenye mabomba na pedali huzama. Pistoni zilizoshika kutu, pedi bandia na diski zilizopinda hutoa dalili zinazofanana na za breki ndogo.

Oili mpya, pedi halisi na tairi nzuri hugharimu kidogo kuliko kalipa za mtumba ambazo hakuna ajuaye zilitoka kwenye ajali gani. Dereva akishafanya hayo na breki bado zikachoka mlimani, hapo ndipo diski kubwa zina kazi.