Tangi Lako la Maji Limesimama Juu ya Nini?

Kwa kuwa maji ya mfereji hufika kwa mgao katika mitaa mingi ya Kisauni, Likoni na Changamwe, tangi lililoinuliwa kwa miguu minne ya chuma ni kitu cha kawaida uani. Watoto hucheza chini yake, nguo huanikwa kwenye vyuma vyake. Ni wachache wanaoangalia miguu ile imekanyaga nini.

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5, bila kuhesabu mnara wenyewe. Lakini ardhi haibebi uzito tu. Muhimu ni uzito huo umeenea juu ya eneo gani. Kwa Kiswahili cha sayansi presha hii huitwa kanieneo, na jina linajieleza: kani ikigawanywa kwa eneo. Aliyevaa viatu vya mchuchumio huijua akifika mchangani Shelly Beach. Mwili ni uleule, ila kisigino huzama na kandambili haizami.

Tani 5 hukandamiza kwa kani ya takriban nyutoni 50,000. Kila mguu ukikalia bamba la sentimita 10 kwa 10, mabamba yote manne yana mita mraba 0.04 tu, na kanieneo hufika paskali 1,250,000. Mnara huohuo ukijengewa msingi mmoja wa zege na nondo, mita 2 kwa 2, mzigo wa tangi hushuka hadi paskali 12,500. Ni mara 100 pungufu, na hakuna hata ndoo moja iliyopunguzwa.

Sehemu nyingi za Kisauni na Likoni ni mchanga, na udongo mzito wa Changamwe hulainika ukilowa. Mguu mmoja ukizama, mnara huinama, uzito hulemea mguu huohuo, nao huzidi kuzama. Hivyo mnara uliosimama miaka mingi unaweza kuanguka usiku mmoja wa masika. Wengine huharakisha mambo bila kujua: bomba la maji yanayofurika humwaga papo hapo miguuni.

Baada ya mvua kubwa, pima mnara kwa timazi. Ukiwa umeinama, waondoe watoto, fungua maji yatoke kwa bomba la mbali, kisha mwite fundi. Usijaribu kuusukuma urudi wima tangi likiwa limejaa.